Gari Lisilo na Ufunguo

Madereva wa malori wanaolaza magari yao Makambako wanamwita Mama Shoti, ila hakuna anayemwita hivyo akiwa karibu. Jina lake ni Scolastika Mtewele, fundi umeme wa magari, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na hasira zake zinajulikana kuanzia njia panda mpaka stesheni ya reli. Ukimpelekea gari ambalo nyaya zake zimeungwa kwa mfuko wa plastiki uliochomwa kwa kiberiti, hatakuuliza hali yako. Atakuuliza ni nani aliyefanya uchafu ule. Ukisema ni wewe, bora ugeuze gari lako mapema.

Asubuhi Tarsis alipopiga simu, Scolastika alikuwa ameshamfukuza dereva mmoja wa fuso aliyemwita "mrembo" badala ya kumwita fundi.

"Skola, kamwene," alisema Tarsis, kaka yake mkubwa, kutoka nyumbani kwao mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini.

"Kamwene. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kwani mimi nikipiga simu lazima pawe na maiti?"

"Wewe hupigi simu, kaka Tarsis. Wewe unapigiwa."

Tarsis alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayebisha hodi. Halafu akasema: "Baba kapoteza rota."

Scolastika alishusha bisibisi mezani. Alikaa kimya hadi Tarsis akadhani mtandao umekata.

Ili mtu aelewe kwa nini neno hilo lilimnyamazisha Mama Shoti, inabidi alijue gari lenyewe. Mzee Alois Mtewele, baba yao, alikuwa dereva jeshini, na wakati wa vita vya Kagera aliendesha Landrova ya petroli iliyobeba mitambo ya redio. Miaka mingi baadaye jeshi lilipouza magari yake makuukuu kwa mnada, akanunua mojawapo. Kama ni ileile aliyoendesha vitani au ni pacha wake, watoto hawakuwahi kujua, maana siku alizokunywa ulanzi ilikuwa ileile, na siku nyingine ilikuwa inafanana nayo tu. Aliipaka rangi ya bluu kwa sababu raia haruhusiwi kutembea na rangi ya jeshi, lakini kila ilipokwaruzwa na miti, kijani cha zamani kilichungulia.

Ajabu ya gari hilo ni kwamba halina ufunguo. Kwenye dashibodi kuna swichi ya kuzungusha kwa vidole, hata mtoto anaweza. Vitani hakuna muda wa kutafuta ufunguo uko mfukoni mwa nani. Yeyote aliye karibu analiwasha na kuondoka. Sasa ukitaka mwizi asiliwashe, unafanyaje? Unafungua boneti, unafungua distributa, unachomoa rota. Rota ni kitu kidogo, kinaenea kwenye kiganja cha mtoto: plastiki ngumu yenye ulimi wa shaba juu yake. Kazi yake ni kuzunguka ndani ya distributa na kugawa moto, plagi hii, kisha ile, kila moja kwa zamu yake. Bila rota, koili inaweza kuzalisha moto mpaka kesho na hakuna plagi itakayoupata. Stata itazunguka, injini itakohoa, basi.

Kwa hiyo Mzee Alois alichomoa rota kila alipoegesha. Jioni akifika nyumbani, anachomoa. Akisimama dukani kununua chumvi, anachomoa. Alikuwa akiihifadhi kwenye kikopo cha mafuta ya mgando, akakitoboa, akakitungia kamba ya kiatu na kukivaa shingoni chini ya koti lake la sufu, mahali ambapo wazee wengine wa parokiani wanavaa rozari. "Gari ni la mwenye rota," alikuwa akisema, na hapakuwa na nyongeza.

Wanawe wa kiume, Tarsis na Filbert, aliwaita wasimame naye mbele ya boneti. Aliwaonyesha jinsi kopo la chuma la distributa linavyofunguliwa, platini za kukatia umeme ziko wapi, kwa nini nyaya za plagi zimevalishwa chuma kote ili umeme wake usipige kelele kwenye redio. Tarsis alipiga miayo. Filbert alitazama ndege. Aliyekuwa anataka kuona ni Scolastika, na kila alipojipenyeza katikati yao, baba yake alisema hivyohivyo tu: "Wewe kalete maji ya rejeta." Alikimbia bombani na ndoo, akarudi maji yakimwagikia miguuni, na kila mara alikuta kopo limeshafungwa.

Ufundi aliupatia Makambako. Alianza kwa kuwapikia mafundi wa gereji ugali na maharage, akawa anasonga huku anatazama, mpaka fundi mmoja mzee aliyeitwa Nathanieli akachoka kutazamwa na kumpa plagi azisugue. Huo ndio mwanzo. Mzee Nathanieli alishazikwa, gereji imekuwa ya Scolastika, na gari pekee ambalo hakuwahi kulitia mkono ni la baba yake mwenyewe.

"Kaipotezea wapi?" aliuliza kwenye simu.

"Angejua ingekuwa imepotea? Macho yenyewe si unajua, yule mtoto wa jicho amemfunika kote kuwili. Sasa sikiliza. Filbert kampeleka Bulongwa kumwona shangazi, watalala huko. Wewe njoo leo uliwashe. Akirudi akute linaunguruma. Atafurahi."

Neno hilo lingetosha kumshtua, kwa kuwa Tarsis hakuwahi kusumbukia furaha ya mtu. Lakini akili ya Scolastika ilikuwa imeshaingia ndani ya kopo la chuma. Kumbe imepotea. Maisha yote baba ameifichia shingoni, amemficha hasa yeye, na sasa imepotea. Alisikia hasira, na chini ya hasira akasikia kitu kingine kinachofanana na njaa.

"Rota ile haipatikani," alisema. "Si hapa, si Mbeya. Ni ya jeshi. Nitang'oa mfumo wote wa moto niweke wa kiraia."

"Ng'oa hata injini, dada yangu. Mradi liwake."

Mfumo wa kiraia alikuwa nao. Distributa ya Landrova ya kawaida ilikuwa chini ya kitanda chake ndani ya gunia, ameinunua kwenye chuma chakavu muda mrefu uliopita, na hata mwenyewe hakujua kwa nini huwa anaipaka grisi kila kiangazi. Akatia gunia begani, akatia koili, plagi mpya, nyaya na vifaa, akafunga gereji na kupanda gari la Njombe. Njia nzima alikuwa anagombana na baba yake kimoyomoyo, na yeye ndiye aliyekuwa akishinda.

Landrova ilikuwa pale pale, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Tarsis alifungua boneti kama mtu anayefungua mlango wa nyumba ya jirani, kisha akajitenga. Scolastika alivua koti, akajifunga kanga kiunoni juu ya ovaroli, akasimama kutazama. Kopo lenyewe lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. Alifungua skrubu zake moja moja, na mfuniko ulipotoka akainama mpaka pua yake ikakaribia chuma.

Ndani kulikuwa safi kama bakuli la altare. Koili na kondensa zilikuwa zimelala pamoja humohumo, platini zimesuguliwa vizuri, na katikati kile kijiti kitupu ambacho rota hukaa. Hapakuwa na siri nyingine.

"Ndiyo hiki tu?" alisema kwa sauti. "Hiki ndicho nilichokuwa nakimbizwa na ndoo?"

Alifanya kazi kwa hasira, na mtu asidhani hasira huwa inamharibia Scolastika kazi. Akikasirika ndiyo mikono yake inatulia. Alizifungua zile nyaya zilizovalishwa chuma, akang'oa na plagi zake, kwa kuwa plagi za jeshi zina nati kichwani na waya wa kawaida haukai. Alizungusha injini mpaka pistoni ya kwanza ikapanda juu kabisa, akatia alama kwa chokaa, akachomoa distributa ya zamani na kuingiza ile ya kwenye gunia. Tatizo kubwa lilikuwa nguvu ya umeme. Gari la jeshi lina betri mbili zilizounganishwa zikatoa volti ishirini na nne, na koili ya kiraia ukiipa hizo inachemka kama sufuria ya chai mpaka inapasuka. Akavuta waya kutoka katikati ya betri mbili, koili ipate nusu tu, na stata aiachie nguvu zake zote. Mwisho akachukua rota mpya, nyekundu, akaipuliza, akaitia kwenye kijiti chake.

Akazungusha swichi, akabonyeza stata. Injini ikapiga chafya, ikatoa moshi, ikashika.

Scolastika hakucheka. Alisimama ameegemea boneti, mitetemo inampanda mikononi mpaka mabegani, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaruhusu, akayafuta kwa kitambaa chenye grisi.

Jenifa, mke wa Tarsis, alitoka jikoni na sahani ya viazi na maharage. Ndiye aliyekuwa akimpikia Mzee Alois, kumfulia na kumkatia kucha tangu mama yao afariki.

"Wifi, umeweza," alisema akipaza sauti juu ya injini. "Tarsis alisema wewe ukishindwa basi tena. Maana yule mnunuzi kasema asipolisikia linaunguruma hatoi hata senti."

Scolastika alizima swichi. Kukawa kimya mpaka kuku wakasikika.

"Mnunuzi gani?"

Jenifa alitazama sahani, akatazama mlango wa nyumba. "Si huyo wa Arusha anayekusanya magari ya vita. Anakuja kesho asubuhi. Kwani hujaambiwa?"

"Baba anajua?"

"Wifi, kula kwanza viazi vitapoa."

"Baba anajua?"

"Hajui," alisema Jenifa. "Ndiyo maana kapelekwa Bulongwa."

Sasa ikamwingia yote kwa pamoja. Rota haikupotea. Rota iko Bulongwa, ndani ya kikopo, shingoni mwa mwenyewe. Kitu kimoja kilichokuwa kimelishikilia gari lisiuzwe kilikuwa kile kipande cha plastiki, na yeye, kwa mikono yake na si ya mtu mwingine, ameshakigeuza takataka.

"Tarsis," aliita. Hakupiga kelele. Wanaomfahamu wanasema akipiga kelele kuna nafuu.

Tarsis alitoka akijifuta mdomo. Alipoona uso wa dada yake alijua.

"Usinitazame hivyo. Ningekwambia ungekuja?"

"Umenidanganya nimwibie baba yangu."

"Baba yako," alisema Tarsis. "Wewe unakuja Krismasi na mkate. Sisi ndio tunakaa naye. Unajua alifanya nini mwezi uliopita? Mwambie, Jenifa."

Jenifa aliweka sahani juu ya tairi la akiba. Alizungumza bila kumtazama mtu. "Alitia rota yake, akaliwasha, akasema anakwenda kuchukua kuni. Haoni, wifi. Anaona kivuli tu. Alirudi nyuma na Ema alikuwa anacheza pale, pale kwenye ndizi. Nilimvuta mwanangu kwa sweta. Sweta likabaki chini ya tairi. Baba alishuka akanigombeza mimi. Eti mtoto anasimamaje kwenye njia ya gari."

Hilo lilimuudhi Scolastika kuliko uongo wenyewe. Alitaka kaka yake awe mwizi tu, mwizi mtupu, ili amtukane vizuri.

"Mngemwambia," alisema.

"Tumemwambia. Filbert alijaribu kumchukulia kile kikopo akiwa anaoga. Alipigwa kwa kata ya maji, alama ipo mpaka leo. Mtu hasikii. Gari likiuzwa tunapanda parachichi shamba lote la chini, na mtoto wangu anacheza uani kwake. Kosa langu liko wapi?"

"Kosa lako ni kwamba baba yuko hai," alisema Scolastika. "Ungesubiri azikwe ndiyo ugawe vitu vyake. Au umwambie usoni. Wewe umechagua kumtuma kwa shangazi kama mtoto anayetumwa dukani ili wakubwa wale nyama."

"Na wewe ulichagua nini? Nilikwambia gari la baba, ulikuja mbio na gunia. Hukumpigia simu hata kumuuliza. Ulitaka kulifungua lile kopo."

Hilo lilikuwa kweli, na Scolastika akachukua spana na kuirusha kwenye mabati ya kibanda. Mlio wake ukawafukuza kuku mpaka kwa jirani. Kisha, kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya na mikono yake, akaliwasha tena gari na kuinamia distributa kurekebisha taimingi, ingawa haikuwa na neno kubwa.

Ndiyo maana hakuna aliyesikia pikapu ya Filbert ikiingia.

Mzee Alois alikuwa amekataa kulala Bulongwa. Alisema shangazi yao haumwi, anadeka, na kwamba kitanda cha wageni kina baridi ya kaburi. Filbert alijaribu kumpigia kaka yake simu njiani, lakini Tarsis alikuwa katikati ya ugomvi. Mzee alishuka kwenye pikapu, koti lake la sufu limefungwa mpaka kidevuni, na akiwa bado ameshika mlango akasikia injini ya gari lake.

Alianza kutembea kuelekea kibandani kwa haraka ambayo fimbo yake haikuizoea. Alikuwa akipapasa kifuani. Alitoa kikopo, akakifungua kwa kidole gumba, rota ikaangukia kiganjani mwake, ileile nyeusi, imelala katika mafuta. Akasimama. Huku mkononi ana rota, na huku gari linaunguruma. Aligeuza uso kwenye kiganja, akaugeuza kwenye sauti, akaurudisha tena, kama mtu anayemsikia marehemu akiita kutoka chumba cha pili.

"Nani?" alisema.

Tarsis alitazama chini. Filbert alianza kukagua tairi la pikapu yake.

"Ni mimi, baba," alisema Scolastika. "Shikamoo."

Mzee alifika kwenye boneti, akapeleka mkono mahali ambapo kopo la chuma lilikuwa likikaa siku zote, kopo ambalo mtu angeweza hata kuliegemea. Badala yake akashika waya wa plagi uliokuwa bado haujakaa sawa. Umeme ukamrusha mkono mpaka kofia ikamwanguka.

"Pumbavu," alisema, haikujulikana anamwambia waya au binti yake. "Zima."

Alizima.

"Umelitoa kopo langu."

"Nimelitoa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Waliniambia umepoteza rota. Wanataka kuliuza gari kesho, mtu anatoka Arusha. Mimi sikujua." Aliona Tarsis anafumba macho, akaendelea hivyohivyo. "Na wewe ulitaka kumkanyaga Ema. Hilo nalo sikujua. Leo nimeambiwa mengi."

"Mtoto alikuwa kwenye njia ya gari."

"Mtoto alikuwa nyumbani kwao, baba."

Mzee Alois alimgeukia Tarsis, au mahali alipodhani Tarsis yupo, akampa maneno ambayo hayafai kuandikwa, mengine kwa Kibena. Alimaliza, akavuta pumzi, akamrudia binti yake, na hapo fimbo ilikuwa imeshainuliwa.

"Piga," alisema Scolastika. "Lakini kwanza nijibu. Hawa wawili uliwafundisha. Huyu alikuwa anasinzia, huyu anahesabu ndege. Mimi nilikuwa napelekwa kuchota maji. Nilikukosea nini?"

"Hukukosea."

"Basi kwa nini?"

Fimbo ilishuka taratibu mpaka ikagusa ardhi. Mzee aliinamisha kichwa, si kwa aibu; alikuwa anatafuta kofia yake. Filbert akamwokotea.

"Hawa niliwaonyesha kwa sababu nilijua hawatajua," alisema. "Niwaonyeshe, nisiwaonyeshe, gari langu liko salama. Wewe ulikuwa unatazama vidole vyangu. Ungeweza. Ningekuonyesha mara moja tu, asubuhi nisingekuta gari."

Pengine binti mwingine angelifurahia neno hilo. Scolastika lilimchoma. Aliziona sufuria zote alizozisugua Makambako, moshi wa kuni machoni, wanaume waliomtuma maji ya kunawa huku wamekalia vifaa ambavyo angeweza kuvitumia. Yote hayo si kwa kuwa baba yake alimwona hawezi. Ni kwa kuwa alimwona anaweza.

"Kwa hiyo ulinijua," alisema, na sauti yake ikawa nyembamba. "Ulinijua siku zote. Afadhali ungekuwa mjinga, baba. Mjinga ningemsamehe."

Jenifa alikuwa amemshika Ema mkono kwenye mlango wa jiko.

Scolastika aliinama kwenye injini. Alifungua kifuniko cha distributa mpya, akachomoa rota nyekundu, akakifunga. Tarsis akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Lete, Skola. Mtu anakuja kesho, tumeshakubaliana."

Mzee naye akanyoosha wake, bado una mafuta ya mgando. "Lete hapa. Gari ni la mwenye rota."

Akaitazama mikono hiyo miwili. Ule wa kaka yake ulikuwa laini. Ule wa baba ulikuwa kama wake. Akaiweka rota kwenye kiganja cha baba yake, na mzee akaipapasa kwa kidole gumba, ulimi wake wa shaba, tundu lake, kingo zake kali za kiwandani.

"Hii si yangu," alisema.

"Si yako. Ni yangu." Akaichukua tena. Akaivuta ncha ya kanga, akaifunga rota humo mafundo mawili, kama wanawake sokoni wanavyofunga hela, akaichomeka kiunoni. "Gari haliuzwi baba akiwa hai. Na baba haendeshi. Siendi Makambako mpaka huyo wa Arusha ageuze, na nikienda naondoka nayo."

"Nani kakupa uamuzi?" aliuliza Tarsis.

"Kanipa yeye. Hujamsikia? Gari ni la nani?"

Tarsis aliupiga teke mlango wa kibanda na kuondoka. Mzee Alois alibaki amesimama, rota nyeusi kwenye kiganja kimoja, kiganja kingine kitupu. Kisha akairudisha ya zamani kwenye kikopo chake, akakifunga, akakirudisha shingoni chini ya koti. Aliingia ndani bila kusema usiku mwema wala kamwene, na ugali wa Jenifa hakuula.

Asubuhi ya Jumapili Scolastika alikwenda kibandani amevaa gauni la misa, na kanga ileile juu yake. Alitia rota, akaliwasha, akalitoa mpaka mbele ya nyumba. Ema akarukia nyuma kabla hajaalikwa. Mzee Alois alitoka ameshanyolewa, akauendea mlango wa dereva kwa mazoea, akapapasa, akakuta kiti kina mtu.

"Zunguka upande wa pili, baba."

Alisimama pale kwa muda ambao injini ingeweza kuchemka. Tarsis alikuwa akitazama dirishani, simu sikioni. Hatimaye mzee alizunguka, mkono mmoja ukifuata boneti, akapanda kushoto na kuubamiza mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ema yuko wapi?"

"Nyuma."

"Akae chini. Asisimamesimame."

Scolastika alibadilisha gia kwa hasira na mzee akaguna kila gia iliponguruma. Simu ya Scolastika ikaita, ni Tarsis, bila shaka mnunuzi ameshafika na hakuna gari la kumwonyesha. Akaiacha iite mpaka ikachoka. Uwanjani mwa kanisa watu waligeuka kutazama, maana hawakuwahi kumwona mtu mwingine akiishika sukani ile. Aliegesha kwenye miti, akazima, akashuka, akambeba Ema na kumweka chini, akaanza kwenda kanisani bila kumngoja mtu. Kengele ilikuwa imeshalia.

Alipofika mlangoni akagundua yuko na Ema peke yake. Akarudi. Baba yake alikuwa bado kwenye kiti cha kushoto, ameikumbatia fimbo, uso mbele.

"Baba, misa imeanza. Unangoja nini?"

"Wewe ni dereva gani," alisema Mzee Alois, bila kumgeukia. "Sijasikia boneti."

Scolastika alikwenda mbele, akafungua boneti, akachomoa rota, akaifunga kwenye ncha ya kanga. Kisha akaiangusha boneti ikalia uwanja mzima, na ndipo mlango wa kushoto ukafunguliwa.